"To hear" au "to hearing"? Ile "to" ni ya upande gani

"Mwalimu, shikamoo. Nina diploma ya ununuzi na ugavi, na nina miaka minne natunza stoo hapa Mwanza. Tangu Januari nimetuma barua saba za maombi ya kazi, zote kwa Kiingereza kwa sababu matangazo yenyewe yalitoka kwa Kiingereza. Zote nimezimalizia hivi: 'I am used to work under pressure and I am committed to deliver results. In addition to keep stock records, I supervised casual labourers. I am looking forward to hear from you soon.' Sijaitwa hata sehemu moja. Juzi dada mmoja tunayefanya naye kazi kaniambia hapo mwisho nimekosea, inatakiwa 'hearing'. Kaka yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, anasema huyo dada ndiye aliyekosea, kwa sababu sote tulifundishwa kwamba baada ya 'to' kitenzi hakiongezwi kitu. Kompyuta ya steshenari nayo haikupiga mstari mwekundu. Nani mkweli? Na je, inawezekana hilo neno moja ndilo lililoninyima kazi? Nina barua nyingine ya kutuma kabla ya Ijumaa."

Marahaba, mwanangu. Nianze na hukumu ili ubishi uishe hapo nyumbani: huyo dada amepatia. Inaandikwa "I look forward to hearing from you". Kaka yako naye hakudanganya. Kanuni anayoishika ipo na inafanya kazi kila siku, ila ameipeleka mahali ambapo si pake. Na kompyuta ilinyamaza kwa sababu "hear" limeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi. Kikagua tahajia cha kawaida kinatazama neno lilivyoandikwa, hakiulizi limekaa na nani.

Kabla sijaingia ndani, niliondoe hilo linalokunyima usingizi. Neno moja kukukosesha kazi saba? Sidhani. Nimewahi kukaa upande wa pili wa meza, nikasaidia kuchambua rundo la maombi. Mtu mwenye rundo hilo mbele yake anatafuta kwanza vile vilivyotajwa kwenye tangazo: cheti, miaka ya uzoefu, uko wapi, unaweza kuanza lini. Asiyekuwa navyo anawekwa pembeni hata kama Kiingereza chake ni cha mtangazaji wa redio. Lakini nisikufariji kwa uongo. Pale watu wawili wanapolingana, barua safi inaibeba siku, na sentensi ya mwisho ndiyo msomaji anayobaki nayo mdomoni. Tena barua yako haina kosa moja la namna hii. Inayo manne. Umeuliza kuhusu moja, na mengine matatu yamepita mbele ya dada, kaka na kompyuta bila kuguswa na mtu. Yote ni ya tumbo moja, kwa hiyo ukilielewa hili la mwisho, yale mengine utayaona mwenyewe.

Tuanze na kanuni ya kaka. Darasani tuliimbishwa: "I want to go, I hope to pass, I plan to travel." Baada ya "to", kitenzi kinakaa uchi, hakuna "-s", hakuna "-ed", hakuna "-ing". Ni kweli kabisa. Tatizo ni kwamba mwalimu wetu hakutuambia kuwa Kiingereza kina "to" mbili zenye sura moja, kama darasa lenye akina Juma wawili. "To" ya kwanza ni mali ya kitenzi kinachofuata. Kazi yake ni ile ya "ku" yetu: "to go", kwenda, "to hear", kusikia. "To" ya pili ni kihusishi, ndugu wa "from", "with" na "for", na inafanya kazi ya kuelekeza: "I went to Bukoba", "I gave it to Asha". Hii ya pili haidai kitenzi. Inadai jina la kitu, la mtu au la mahali.

Usishangae kwamba neno moja lina kazi mbili. Wewe mwenyewe unasema "nataka kukuona" bila kujikwaa. "Ku" ya kwanza ni ya kitenzi jina, "ku" ya pili ni wewe unayeambiwa. Kisha unageuka unasema "kule kwenu kunapendeza", na hapo "ku" imekuwa mahali. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayechanganya hizo tatu, kwa sababu sikio lake linajua kila "ku" imeshikana na nini. Mwingereza naye hachanganyi "to" zake kwa sababu hiyo hiyo. Swali la kujiuliza, basi, si "baada ya 'to' kinakuja nini?" Jiulize hii "to" ni ya nani: imeshikana na neno la kushoto kwake au la kulia kwake?

Sasa tazama maneno yako. Na nikisema tazama, nina maana, kwa sababu jibu limo ndani ya kitenzi hicho hicho. Kiswahili kina "tazama", kisha kina "tazamia". Kilichoongezeka ni kinyambulishi kidogo, "-i-", kinachoyapeleka macho kwenye jambo fulani ambalo bado halijafika: "natazamia jibu lako". Ukisema "natazama jibu lako" umesema kitu kingine kabisa, kwamba jibu liko mbele yako mezani. Waingereza nao wamelijenga wazo hili kwa kitenzi cha macho. "Look" ni tazama, "forward" ni mbele, na ile "to" ndiyo "-i-" yao, ndiyo inayoigeuza "tazama" kuwa "tazamia". Ni sehemu ya mwisho ya "look forward to", imeganda upande wa kushoto kama "-i-" ilivyoganda kwenye "tazamia". "Hear" haina haki nayo.

Ukitaka kusikia tofauti, soma kwa sauti na upumzike mahali panapostahili. "I want", pumzi, "to hear from you". Hapo "to" imeanza safari na "hear". Halafu: "I look forward to", pumzi, "hearing from you". Ukipumzika kabla ya "to" katika hii ya pili, sentensi inavunjika kiuno.

Kwa kuwa "to" hii ni kihusishi, kinachofuata lazima kiwe jina. "Your reply" ni jina, kwa hiyo "I look forward to your reply" ni sahihi na haina utata wowote. "The interview" ni jina. Lakini "hear" ni kitenzi, na Mwingereza akitaka kitenzi kikae kwenye kiti cha jina anakivisha "-ing". Na hapa ndipo ulipo mtego uliotutega sisi Waswahili hasa. Kwetu "kusikia" ni kitenzi na ni jina kwa wakati mmoja. Tunasema "nataka kusikia", tunasema pia "kusikia kwake kumepungua", na neno halijabadilika hata herufi. Limeingia tu kwenye ngeli ya KU na kudai "kwake" na "kumepungua". Mwingereza amegawa kazi hizo mbili kwa maumbo mawili, "to hear" na "hearing". Sisi tukitoka nyumbani na "kusikia" moja, tunafika kwake tunakuta milango miwili, na mkono unaenda kwenye mlango tuliouzoea tangu shule ya msingi.

Kuna dhana nyingine inayomzuia mtu kuandika "hearing" hata akiambiwa. Tulifundishwa kwamba "-ing" ni jambo linaloendelea, "-na-" ya Kiingereza: "I am eating", ninakula. Kwa hiyo "to hearing" inasikika masikioni kama "kwa ninasikia", upuuzi mtupu. Lakini "-ing" ya "hearing" haina uhusiano na kuendelea. Ni ile ya "Smoking is prohibited" unayoiona ukutani, ambayo ni uvutaji, au ya "building", jengo, ambalo lilishamalizika kujengwa zamani.

Kwa wanaopenda kujua mambo yalianzia wapi, kaka yako ana wa kumtetea. Katika Kiingereza kilichosemwa kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, "kuimba" ilikuwa "singan", na ikitanguliwa na "to" ilikuwa "to singenne", yaani ilibeba mwisho wa jina lililotanguliwa na kihusishi. "To" zote mbili zilikuwa moja! Karne zilizofuata ile miisho ikalika kama sabuni, ikabaki "to sing", na watu wakaanza kuiona "to" kama alama ya kitenzi tu. Na "-ing" mbili nazo hazikuzaliwa pamoja. Ile ya majina ilikuwepo tangu hapo, wakati mwingine ikiandikwa "-ung", kama "leornung", kujifunza. Ile ya jambo linaloendelea ilikuwa "-ende", kisha zikaja kufanana. Kaka yako amechelewa miaka elfu moja tu.

Turudi kwenye barua. Njia ya haraka ya kuitambua "to" ni kuweka neno "it" mahali pa kitenzi. "I look forward to it." Inakubali, kwa hiyo "to" ni kihusishi na kitenzi kinavaa "-ing". "I want to it." Inakataa, kwa hiyo kitenzi kinakaa uchi. Ipitishe sentensi yako ya kwanza: "I am committed to it." Inakubali vizuri sana. Basi ni "committed to delivering". Ya pili: "in addition to it". Inakubali. Basi ni "in addition to keeping stock records". Unaona jinsi yanavyojitokeza? Ukiandika siku moja andiko la mradi, utakutana na "with a view to improve", ambalo nimelisahihisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. "With a view to it" inakubali, kwa hiyo ni "with a view to improving". Lakini "in order to it" inakataa, na "in order to improve" inabaki ilivyo.

"Used to" nataka tukae nayo, kwa sababu hapo kosa halichafui sarufi tu, linaharibu na habari yenyewe. "I used to work under pressure" ni Kiingereza safi chenye maana ya "zamani nilikuwa nafanya kazi kwa shinikizo", yaani siku hizi hapana. "I am used to working under pressure" ndiyo "nimezoea kufanya kazi kwa shinikizo". Wewe umeandika "I am used to work", umechukua mguu wa hii na mguu wa ile. Msomaji anayejua atakisia ulichotaka kusema. Asiyekuwa na muda ataona neno "used" na kusoma "zamani". Kwenye barua ya kazi hilo ni jambo la kuogopa kuliko "hear" na "hearing" kwa mbali. Kipimo chetu kinafanya kazi hapa pia: "I am used to it", nimezoea, inakubali, "I used to it" inakataa.

Sasa niseme udhaifu wa kipimo, maana fundi anayekuuzia nyundo akuonyeshe na mahali ilipopasuka. Kuna maneno yanayokubali "it" na bado yanadai kitenzi uchi. "Agree" ni moja: "I agree to it" ni sawa, lakini pia ni "I agree to pay", wala si "to paying". "Going to" ni jingine: "I am going to Geita" ni mahali, "I am going to write" ni kitenzi. Hayo hayana njia ya mkato, yanashikwa kwa kusoma na kusikia. Bahati nzuri ni machache, na hakuna hata moja kati yake katika barua yako.

Kuna pia makosa mengine yanayozunguka maneno haya haya, ambayo wewe hukuyafanya lakini nayaona kwa wengine. Wapo wanaoandika "I look forward for your reply", kwa sababu wanafikiria "wait for". Wapo wanaoitupa "to" kabisa, "I look forward your reply", kwa sababu "nasubiri jibu" yetu haina kihusishi. Wapo wanaoandika "foward" bila "r" ya kwanza, na wanaoandika "here from you", ambayo ni "hapa kutoka kwako". Haya ya tahajia yasikuumize kichwa, ni ya kusoma tena tu.

Lakini hili la maana lina uzito. "Natarajia" na "natazamia" zetu hazina furaha wala huzuni ndani yake. Unaweza kutarajia mvua, mgeni, au hasara. "Look forward to" ina tabasamu. Anayeitumia anasema jambo hilo linamfurahisha kabla halijafika. Niliwahi kuletewa nisome barua pepe ya pole ambayo mtu alitaka kumpelekea bosi wake Mwingereza aliyefiwa na baba, na mwishoni aliandika "I look forward to attending the burial". Sarufi ilikuwa safi kabisa, "to" na "-ing" vyote mahali pake. Nikamwambia, kaka, umemwambia mfiwa kwamba una hamu na mazishi. Tukaandika "I will be at the burial on Saturday" na ikatosha. Vivyo hivyo kwa barua ya kudai deni, ya malalamiko, au ya kumwarifu mtu kuachishwa kazi: tabasamu hilo linageuka kejeli.

Kwenye maombi ya kazi hakuna tatizo hilo, una haki ya kufurahia jibu. Unachotakiwa kuchagua ni kiasi cha urasmi. "I look forward to hearing from you" ndiyo ya barua rasmi, kwa mtu usiyemjua. "I am looking forward to hearing from you", uliyoitumia wewe, si kosa, ila ina joto kidogo, ni ya mtu ambaye mmeshasalimiana, mmeshaongea kwenye simu au mmefanya usaili wa kwanza. "Looking forward to hearing from you", bila "I", ni ya barua pepe kati ya watu wanaofahamiana. Haina mtenda, kwa hiyo kwenye barua ya kwanza kwa mwajiri iache. Zamani wazee wetu wa makarani waliiandika hivyo kwa sababu sentensi haikuishia hapo, iliendelea "I remain, Yours faithfully", na mtenda alikuwa huko mbele. Siku hizi mkia umekatwa, mwili umebaki unaning'inia.

Ile "soon" yako ningeitoa. Haina matusi, ila inamsukuma kidogo mtu ambaye wewe ndiye mwenye shida naye. Na usije ukakimbilia "I expect to hear from you" kwa kuwa "expect" inakubali kitenzi uchi na kamusi inasema ni "tarajia". Sarufi itakuwa sawa, lakini hiyo ni sauti ya bosi au ya mwenye nyumba anayedai kodi. Mwombaji hasemi hivyo. Kama unataka kuukwepa mtego wote, andika "I look forward to your reply", hakuna kitenzi, hakuna ubishi na kaka. Wenzetu wa Bujumbura na Lubumbashi waliosomea Kifaransa wanafanya hivyo bila kujua, maana barua ya Kifaransa hufungwa na "Dans l'attente de votre réponse", jina tupu, katika kungoja jibu lako. Mimi binafsi bado napendelea "hearing from you", kwa sababu inamwachia mtu nafasi ya kukupigia simu.

Halafu unamalizia na "Yours faithfully" kama ulianza na "Dear Sir or Madam", au "Yours sincerely" kama ulimtaja kwa jina, "Dear Mrs" fulani. Huo ni utaratibu wa Kiingereza cha Uingereza, ambao ofisi zetu zimeurithi. "Yours" haina alama ya ritifaa popote.

Nipenyeze na langu moja, ingawa hukuniuliza. Siku hizi napokea barua za Kiswahili zinazoishia "natarajia kusikia kutoka kwako hivi karibuni". Hicho ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Ukisikia kutoka kwa mtu kwa Kiswahili, maana yake mtu huyo kakuletea habari za mwingine, au sauti imetokea kwake. Barua zetu zilizoanza na "Yah: Maombi ya kazi" hazikuwa na haja hiyo. Ziliomba, zikashukuru, zikafunga na "wako mtiifu" au "wako katika ujenzi wa taifa", basi. "Nasubiri jibu lako" inatosha kabisa. Kila lugha iachiwe namna yake ya kuaga.

Sasa barua ya Ijumaa. Ukirekebisha yale manne tu, aya yako inakuwa hivi: "I am used to working under pressure and I am committed to delivering results. In addition to keeping stock records, I supervised casual labourers. I look forward to hearing from you." Haina kosa la sarufi tena. Lakini nitakuwa mwalimu mbaya nikiishia hapo, kwa sababu sentensi ya kwanza ni ya kila mtu. Kwenye lile rundo nililokuambia, kuzoea shinikizo na kujitolea kuleta matokeo vilikuwa kwenye karibu kila barua, vingine kwa mpangilio huo huo wa maneno, na nadhani najua vilitoka wapi: kwenye faili moja la mfano lililoko kwenye kompyuta ya steshenari, ambalo kila mteja anabadilishiwa jina na tarehe. Kosa la "to hear" nalo linasafiri humo humo, kutoka barua hadi barua. Unaweza kuwa ulilipia kosa la mtu mwingine.

Wewe una miaka minne ya stoo. Iandike hiyo. Kama siku za mzigo mnapokea malori na wewe ndiye unayesimamia vibarua, sema: "For four years I have kept the stock records of a busy store and, on delivery days, supervised the casual labourers who unload the trucks." Weka na idadi unazozijua mwenyewe: vibarua wangapi, bidhaa za aina ngapi, mlihesabu stoo mara ngapi kwa mwaka. Angalia pia kwamba sentensi hiyo haina "to" hata moja. Ukiandika unachokifanya kwa mikono yako, mitego mingi inajiondoa yenyewe.

Zile saba zilizokwisha kwenda usizitume upya kwa ajili ya "hearing". Barua ya pili inayosema "samahani, nilikosea neno" inalitangaza kosa ambalo huenda hakuna aliyeliona. Isipokuwa kama kuna tangazo ambalo muda wake haujaisha na tangazo lenyewe linaruhusu kubadilisha maombi, hapo peleka iliyo safi kimyakimya.

Kuhusu msaada wa ana kwa ana: kwa maneno kama haya huhitaji kozi wala kumlipa mtu akuandikie. Lakini ukiona baada ya kurekebisha haya bado kila aya inakurudisha nyuma, nyakati zinagongana, hujui pa kuweka nukta, tafuta mwalimu wa Kiingereza wa sekondari hapo Mwanza, kaa naye saa moja na barua yako mwenyewe mezani. Asikuandikie, akusikilize ukiisoma na kukuuliza ulitaka kusema nini. Saa hiyo moja itakufaa kuliko kitabu kizima. Na kama siku moja karatasi si ya maombi bali ni mkataba wa ajira unaotakiwa kutia saini, barua ya kuachishwa kazi, au notisi ya kudaiwa, hapo usitafute mwalimu wa lugha. Peleka kwa mwanasheria au kwa watu wa chama chako cha wafanyakazi, kwa sababu "agree to pay" kwenye karatasi kama hiyo ni pesa.

Ya Ijumaa ikiwa tayari, usiitume usiku. Asubuhi yake isome kwa sauti mbele ya kaka yako, na ukifika kwenye "look forward to", vuta pumzi hapo kabla ya kuendelea. Mwache asikie mwenyewe.